Kwa nini tamasha huja Mtwara msimu wa korosho, na kwa nini mkali anapanda wewe umeshaondoka

Bango la tamasha likishatoka, kijiweni Mpapura huulizwa maswali matatu. Nani yupo? Nani hayupo, na kwa nini? La tatu watu wa mjini huwa hawaliulizi kabisa: huyo mkali anapanda saa ngapi?

Mtu wa Mtwara mjini shoo ikiisha saa tisa usiku anatembea kwa miguu hadi kwao. Wa Mpapura anatafuta bodaboda ya kumrudisha, na bei ya usiku wa manane kila mtu anaijua. Kwa hiyo wengi huondoka mapema. Wamelipa tiketi ileile, wamewaona chipukizi wanne na MC, na yule waliyemfuata Nangwanda wanamsikia kesho yake kwenye video za simu.

Mambo haya hayatokei kwa bahati mbaya. Yana sababu zake, nyingi zimeshaamuliwa kabla bango halijachapwa.

Tuanze na tarehe.

Huku kusini pesa ina msimu. Mkulima anapeleka korosho AMCOS, zinakusanywa ghalani, zinauzwa mnadani kwa stakabadhi ghalani, kisha malipo yanaingia kwenye akaunti. Minada huanza Oktoba. Msimu wa 2017/18 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba 2024, mnada wa kwanza ulifikia shilingi 4,120. Namba hizo promota wa Dar anazisoma kama anavyozisoma mkulima wa Mpapura. Ndiyo maana matamasha makubwa hupenda kutia mguu huku kati ya Septemba na Desemba. Mwezi wa nne ukimleta msanii yeyote, watu watakuja kumwangalia akiwa nje ya geti.

Lakini hesabu hiyo inaweza kugoma, na mwaka 2018 ni mfano mzuri. Wasafi Festival, kwa mara ya kwanza kabisa, ilipangwa kuanzia Mtwara, Uwanja wa Nangwanda Sijaona, tarehe 24 Novemba. Kwa miaka ya kawaida hiyo ni tarehe ya dhahabu. Mwaka ule wakulima walikuwa wamekataa bei za mnadani mwezi Oktoba, na tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kuwa Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri. Malipo ndiyo yaliyochelewa, wengine walisubiri miezi. Tamasha likafika msimu umeanza huku mifuko mingi ikiwa bado mitupu. Promota anaweza kupanga vizuri kila kitu akashindwa na tarehe ya malipo, ambayo haiko mikononi mwake.

Baada ya pesa inakuja mvua. Huku hushika kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba, na Nangwanda jukwaa liko wazi. Ukichelewa wiki tatu kusubiri wakulima walipwe, unaingia kwenye matope.

Halafu Ramadhani. Mtwara yenye Waislamu wengi hivi, hakuna mwenye akili timamu anayepanga tamasha mwezi wa mfungo. Kwa sasa hilo halisumbui, kwa sababu Ramadhani iko mwanzoni mwa mwaka. Ila inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Zanzibar tayari wameliona: Sauti za Busara hufanyika Februari, na mwaka 2026 waliisogeza hadi tarehe 5 hadi 8, kabla mfungo haujaanza katikati ya mwezi. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kutegemea mwandamo. Sisi zamu yetu inakuja. Kuanzia 2031 mfungo utaangukia Desemba, baadaye kidogo Novemba, ndani kabisa ya msimu wa korosho. Promota wa miaka hiyo atakuwa na kazi.

Barabara nayo ina kauli. Msanii anapanda ndege Dar, anashuka Mtwara, anapiga picha na mashabiki, yuko hotelini. Jukwaa, spika, taa na jenereta vinakuja kwa lori zaidi ya kilomita 500. Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilipokata barabara upande wa Kilwa, kusini kote kulitengana na Dar kwa siku kadhaa. Lori la jukwaa lingekuwa njiani wakati ule, hakuna shoo. Kwa sababu ya gharama hiyo, Mtwara haipangwi peke yake. Inafungwa pamoja na Lindi, au msafara unaendelea Masasi, Tunduru hadi Songea. Ukiona Mtwara imepewa tarehe ya ajabu, angalia mji wa jirani umepewa ipi, utaelewa.

Watu wengi wanadhani kuwa mji wa kwanza kwenye ratiba ni kujaribiwa: kama shoo ni mbovu, ubovu unaanzia kwetu. Mimi naona kinyume. Turudi 2018. Baada ya Mtwara msafara wa Wasafi uliendelea na mikoa mingine hadi Mwanza, Desemba. Diamond Platnumz na Rayvanny wakaimba huko wimbo "Mwanza", ambao BASATA ilikuwa imeshaufungia. Tarehe 18 Desemba baraza likawazuia wote wawili kufanya maonyesho, na kibali cha tamasha kikafutwa. Zuio liliondolewa Januari 2019. Miji iliyokuwa inasubiri zamu yake ilibaki na mabango. Mtwara ilikuwa imeshaimba na kulala.

Na siku ileile ya tarehe 24 Novemba, Fiesta ya Clouds iliyokuwa imezunguka mikoani ilitakiwa kufunga kwa kishindo Leaders Club, Dar es Salaam. Kibali cha uwanja kikaondolewa dakika za majeruhi, ikaahirishwa. Kwa hiyo hata Dar, yenye kila kitu, mwisho wa ratiba si mahali salama.

Sasa majina.

Lalamiko la zamani la mikoani ni kwamba wakali wa nje hatuwaoni. Ni kweli. Rick Ross alikuja kwa Fiesta mwaka 2012, T.I. mwaka 2014, wote Dar. Msanii wa kimataifa ana masharti ya ndege, hoteli, ulinzi na vyombo, na pesa hiyo hairudi kwa tiketi za mkoa mmoja. Mikoani tunapewa wa ndani, na mimi sioni ubaya. Watu wa hapa wanajua nyimbo za singeli na bongo fleva neno kwa neno.

Swali gumu ni la majina ya ndani yanayokosekana. Harmonize ni mtoto wa Tandahimba. Mwaka 2019 aliondoka WCB ya Diamond akaanzisha Konde Gang, jina lenyewe limebeba Umakonde. Tangu hapo, bango la Wasafi likibandikwa Mtwara bila jina lake, swali halichelewi. Jibu halihitaji uchunguzi: tamasha lenye lebo na redio nyuma yake linatangaza wasanii wake kwanza. Kualikwa nako si rahisi. Mwaka huohuo wa 2019 Diamond alimwalika Ali Kiba hadharani kwenye tamasha lake, na Kiba akakataa hadharani. Bango ni orodha ya watu wanaoelewana, au angalau walioelewana mwezi huo. Ubora wa muziki unakuja baadaye kidogo.

Tumalizie na saa, maana hapo ndipo wa Mpapura anapoumia.

Mkali hupangwa mwisho kwa sababu tatu za kibiashara. Akipanda mapema, watu watatoka, na wauza vinywaji na chipsi watapata hasara. Geti linaendelea kuuza tiketi mpaka usiku. Na mdhamini anataka picha za uwanja uliojaa nyomi. Ongeza na heshima: hakuna nyota anayekubali kumtangulia mwenzake anayemwona mdogo, na mabishano hayo hufanyika nyuma ya jukwaa wakati DJ anarudia wimbo uleule mara ya tatu.

Lakini si lazima iwe hivi. Sauti za Busara wanatoa ratiba mapema: jukwaa lipi, msanii yupi, saa ngapi. Mtu wa Pemba anajua kabla hajapanda boti atamwona nani. Wanadai pia kila mtu aimbe laivu, hakuna kuweka CD na kurukaruka, na kubadilisha vyombo kunakula muda kuliko hizi shoo zetu. Bado ratiba inatolewa. Hali yao ya fedha si ya kuonewa wivu, maana mwaka 2016 tamasha halikufanyika kabisa kwa kukosa wafadhili, kwa hiyo tusiseme wanaweza kwa sababu ni matajiri.

Kwa shoo ya mkoani ningependa kitu kidogo tu. Mkali mmoja kati ya wale wawili watatu wa juu apande saa tatu usiku, na saa hiyo iandikwe kwenye bango. Anayebaki mpaka alfajiri atabaki kwa yule mwingine. Wa vijijini atakuwa ameona alichokilipia, na promota atashangaa tiketi ngapi zitanunuliwa na watu ambao siku zote walikuwa wanasema "ngoja nitaangalia kwenye simu."

Kwa sasa, kabla ya kununua, mpigie anayeuza tiketi umuulize msanii wako anapanda saa ngapi. Akikujibu "mapema tu", zungumza na bodaboda wako kwanza. Mkubaliane bei ya saa tisa.