Faili dogo lenye siri za programu

Programu inayotoa huduma kwenye intaneti, iwe ya benki au ya kukatia tiketi za ndege, haiwezi kuanza kazi kabla ya kuambiwa mambo kadhaa: hifadhidata iko kwenye seva gani, neno la siri ni lipi, na je, inahudumia wateja au ingali katika majaribio?

Mambo hayo, yaani mipangilio, mara nyingi huandikwa kwa muundo wa JSON au YAML, ambao hufanana na mti. Kutoka shina liitwalo "hifadhidata" huchipuka matawi ya "seva", "mlango" na "siri".

Lakini yapata mwaka 2011, Adam Wiggins, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Heroku ya Marekani, alitoa mwongozo uliohimiza mipangilio itenganishwe na programu na kuwekwa katika vigeu vya mazingira. Hivi ni majina na thamani ambazo mfumo wa kompyuta huikabidhi programu inapowashwa. Mfumo wa Unix umekuwa navyo tangu mwaka 1979.

Wengi huviandika katika faili liitwalo .env, kila mstari ukiwa na jina, alama ya sawasawa na thamani. Hivyo mti hauna budi kukatwa. "Mlango" uliokuwa chini ya "hifadhidata" huwa HIFADHIDATA_MLANGO=5432.

Kama kuni zilizofungwa mzigo, si rahisi tena kujua tawi lipi lilitoka wapi. "Simu_namba" iliyo chini ya "malipo" na "namba" iliyo chini ya "malipo_simu" zote huishia kuwa MALIPO_SIMU_NAMBA, na moja huifuta nyingine. Mfumo wa .NET wa Microsoft hutenganisha ngazi kwa vistari viwili vya chini.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Katika JSON, false maana yake ni "si kweli". Ndani ya kigeu cha mazingira kila thamani ni maandishi matupu, na katika lugha za Python na JavaScript maandishi yoyote yenye herufi huhesabiwa kuwa kweli. Basi MAJARIBIO=false, isipofasiriwa kwanza, yaweza kuifanya programu ya malipo iamini kwamba imo katika majaribio, huku wateja wakisubiri fedha zao.

Tena siri zote sasa zimo mahali pamoja. Mwezi Agosti mwaka 2024, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Palo Alto Networks ilieleza jinsi wahalifu walivyosaka mafaili ya .env yaliyoachwa wazi kwenye tovuti, wakatumia funguo za huduma za Amazon zilizokuwemo, kisha wakadai fedha kwa wenye data.

Watengenezaji makini hulizuia faili hilo lisiingie katika hazina ya pamoja ya programu. Badala yake huweka nakala yenye majina peke yake, bila thamani, ili mwenzao mpya ajue anachopaswa kujaza.