Jinsi Seva Inavyokitaka Kivinjari Kupakua Faili

Taasisi ya Afya ya Ifakara, iliyochipuka kutokana na maabara ya Waswisi ya miaka ya 1950, imekuwa ikifuatilia vizazi, vifo na uhamaji wa kaya za Bonde la Kilombero tangu 1996, na kumbukumbu za namna hiyo hazimfai mtafiti zikiishia kwenye skrini, kwa kuwa anachohitaji ni faili atakayoifungua katika programu yake ya takwimu hata intaneti ikikatika.

Ichukuliwe, kwa mfano, skripti iliyoandikwa kwa PHP, lugha ya programu za seva, na inayotoa jedwali la mbu walionaswa, lenye safuwima za kijiji, tarehe na idadi. Isipotaja aina ya data inayotuma, PHP huitangaza kuwa ni ukurasa wa HTML, na kwa kuwa HTML huuhesabu mstari mpya kuwa nafasi tu, safu zote humwagika kwa mfululizo, jina la kijiji kimoja likigusana na idadi ya mbu wa kijiji kilichotangulia.

Dawa yake ni vijajuu, yaani mistari mifupi ya maelezo ambayo seva huitanguliza kabla ya maudhui yenyewe. Content-Type: text/csv hutaja aina ya data, lakini agizo la kupakua limo katika Content-Disposition: attachment; filename="mbu-kilombero.csv", ambamo attachment hukitaka kivinjari kihifadhi badala ya kuonyesha, na filename hupendekeza jina la faili. Kijajuu hiki kiliazimwa kutoka kwenye barua pepe, na matumizi yake katika wavuti yalifafanuliwa na waraka wa RFC 6266 wa 2011.

Kinachowasumbua waandishi wa skripti, hata wazoefu, ni utaratibu wa kutangulia na kufuata, kwani herufi moja ya maudhui ikishaondoka, vijajuu haviongezwi tena. Mstari mtupu uliosahauliwa juu ya alama ya <?php hutosha kuliharibu agizo zima. Na pale PHP inapoyaweka matokeo akiba kabla ya kuyatuma, agizo hupita salama, ila mstari huo hujipenyeza ndani ya faili na kuwa safu tupu ya kwanza, kasoro ambayo pengine haitagunduliwa hadi programu ya takwimu ikatae majina ya safuwima.

Kwa faili kubwa iliyokwisha kuandaliwa, ni afadhali skripti ihakiki ruhusa ya mwombaji tu, jambo lisilo la hiari katika data za afya, kisha iikabidhi programu ya seva ya Nginx kazi ya kutuma kwa kijajuu cha X-Accel-Redirect, kwa sababu Nginx huweza kuendelea kutoka kwenye baiti ile mtandao ulipokatikia, ilhali amri ya readfile ya PHP, ikiachwa peke yake, huanza upya.