Jiko la gesi likigoma kuwaka, usikimbilie mkaa ndani

Lulindi. Ilikuwa alfajiri ya Julai, baridi kali, na mama mmoja wa watoto watatu alitaka kupika uji kabla watoto hawajaenda shule. Akazungusha kitufe cha jiko lake la gesi, alilolinunua miaka kadhaa iliyopita baada ya mauzo ya korosho. Halikuwaka. Akarudia mara tatu. Wapi!

Akawasha jiko la mkaa nje, kisha kwa sababu ya baridi akaliingiza ndani na kufunga mlango.

“Dada, haikufika hata nusu saa, binti yangu wa miaka sita akasema kichwa kinamuuma, akatapika. Nikadhani malaria,” anasimulia mama huyo. Jirani aliyepita kuomba chumvi ndiye aliyefungua mlango na kuwatoa nje. Mtoto alipelekwa kituo cha afya, akapata nafuu.

Haikuwa malaria. Mkaa unapowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Chumba kikifungwa, gesi hiyo hujaa na kuchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Watoto huathirika haraka kwa kuwa wanapumua kwa kasi kuliko watu wazima.

Kabla ya kurudi kwenye mkaa, kagua jiko lako hivi.

Kwanza, nusa. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya umeme. Funga gesi kwenye mtungi, fungua milango na madirisha, toa watoto nje. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini, pale pale mtoto anapotambaa. Harufu isipoisha, kaeni nje na mpige simu Zimamoto, namba 114.

Pili, kama hakuna harufu, angalia kama gesi ipo. Mwagia maji ya moto kiasi ubavuni mwa mtungi, kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipofikia. Hakikisha pia regulata imekaa sawasawa na imefunguliwa.

Tatu, angalia mpira. Ukiwa umekunjwa, gesi haipiti. Ukiwa na nyufa, badilisha, usiufunge kwa gundi wala kitambaa. Paka povu la sabuni kwenye maungio gesi ikiwa imefunguliwa na moto umezimwa; mapovu yakivimba, gesi inavuja.

Nne, safisha sehemu ya moto. Funga gesi, subiri ipoe, toa vifuniko na usugue kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni. Vitundu vya kifuniko vizibue kwa sindano. Kausha kabisa, kisha rudisha kifuniko kikae wima, kisipinde. Kile kitundu kidogo cha ndani kinachotoa gesi mwachie fundi, kwani kikipanuka moto huharibika.

Tano, jaribu kiberiti. Huenda kinachokataa ni cheche tu. Washa njiti kwanza, ndipo ufungue gesi. Lisipowaka ndani ya sekunde chache, funga, fungua madirisha na usubiri dakika tano. Kuacha gesi wazi huku ukitafuta kiberiti ndiko kunakounguza watu nyuso.

Jiko likiwaka, tazama rangi. Moto wa buluu ni salama. Moto wa njano unaopaka sufuria masizi maana yake gesi haiungui vizuri, muite fundi.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Majiko yanafika vijijini, lakini aliyeuza jiko mara nyingi haelezi namna ya kulitunza. Na siku likigoma, familia inarudi kwenye mkaa, tena ndani ya nyumba iliyofungwa.

Jiko la yule mama lilikuwa na shida gani? Uji wa jana yake ulifurika, ukaziba vitundu. Fundi alilisafisha kwa dakika kumi.

“Siku hizi uji ukifurika nafuta palepale,” anasema. “Na mkaa ukiwaka, unabaki nje, hata kuwe na baridi ya namna gani.”