Vyuma vya kitako vya Lee-Enfield

Vyuma vya kitako vya Lee-Enfield ni vipande vidogo vya metali vilivyofungwa kwenye mbao za bunduki hiyo ya kijeshi ya Uingereza. Vipande hivyo ni pamoja na bamba la kitako, kisahani cha alama, kishikio cha mkanda na boliti ndefu inayounganisha kitako na mwili wa bunduki. Watunzaji wa makumbusho, mafundi na wakusanyaji wa silaha za kale huvitoa ili kusafisha kutu, kutengeneza mbao zilizopasuka au kusoma alama zilizofichwa. Zana za awali za kiwandani hazipatikani kwa urahisi, kwa hiyo kazi hiyo mara nyingi hufanywa kwa zana za kujitengenezea.

Historia

Lee-Enfield fupi ilikubaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1902, na toleo lake mashuhuri la Mk III lilifuata mwaka 1907. Ilitengenezwa Enfield na Birmingham nchini Uingereza, Ishapore nchini Uhindi na Lithgow nchini Australia. Toleo la No. 4 lilienea wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Bunduki hizo zilitumika pia Afrika Mashariki. Askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililoundwa mwaka 1902, walizibeba katika vita vyote viwili vya dunia.

Mbao zake zilikuwa hasa za mjozi, ingawa Australia ilitumia pia miti ya kwao. Tofauti na bunduki nyingi za wakati ule, mbao za Lee-Enfield ni za vipande viwili vikuu: kitako upande wa nyuma, na ubao wa mbele chini ya mtutu.

Vipande vyenyewe

* *Bamba la kitako* hufunika mwisho wa kitako kinachoegemea bega. Kwenye Mk III kwa kawaida ni la brasi, yaani aloi ya shaba na zinki, na limeshikwa na skrubu mbili. Lina mlango mdogo. Ndani yake askari aliweka chupa ya mafuta na kamba ya kusafishia mtutu.
* *Kisahani cha alama* ni duara dogo la brasi upande wa kulia wa kitako, lililoshikwa na skrubu moja katikati. Juu yake ziligongwa herufi za kikosi na namba ya bunduki.
* *Kishikio cha mkanda* kiko chini ya kitako na hushikwa na skrubu za mbao.
* *Boliti ya kitako* imefichwa ndani kabisa, katika tundu refu linaloanzia nyuma ya bamba la kitako.

Mwaka 1916 lilianza toleo la Mk III*, lililorahisishwa ili viwanda vitoe bunduki nyingi kwa haraka. Kisahani ni miongoni mwa vitu vilivyoachwa. Kwa sababu hiyo kisahani cha asili kina thamani kwa mwanahistoria: huweza kuwa ushahidi pekee unaoonyesha bunduki fulani ilikuwa ya kikosi gani. Kikipindwa au kikikwaruzwa wakati wa kutolewa, habari hiyo hairudi tena.

Kwa nini vyuma hung'ang'ania

Sababu ya kwanza ni kutu. Skrubu ya chuma inaposhika kutu huvimba na kubana nyuzi za mbao. Sababu ya pili ni mafuta ya kitani, ambayo askari walipaka kwenye mbao mara kwa mara. Mafuta hayo hukauka na kuwa kama gundi kati ya metali na mbao. Sababu ya tatu ni mbao yenyewe: katika miaka mingi hukauka, hunywea na kukumbatia kipande kilichomo.

Zana za kujitengenezea

Skrubu nyingi za Lee-Enfield zina mfereji mwembamba wenye kuta zilizonyooka. Bisibisi ya kawaida ya dukani imechongwa kama kabari: hugusa midomo ya mfereji tu, kisha huteleza na kuubomoa. Dawa yake ni kuchukua bisibisi ya zamani na kuipiga tupa hadi ncha yake iwe na pande zilizo sambamba, unene uleule wa mfereji na upana usiozidi kichwa cha skrubu. Ncha iliyo sahihi huingia hadi chini bila kuchezacheza. Chuma kisipate joto kali wakati wa kunoa, maana kitalainika. Kichovywe katika maji kila mara.

Skrubu ikikataa, fundi huweka tone moja la mafuta ya kulegeza kutu na kungoja hadi kesho yake. Mafuta mengi hayafai, kwa kuwa huingia kwenye mbao, huzitia weusi na kuzilainisha. Njia nyingine ni kugusisha kichwa cha skrubu na ncha ya moto ya kifaa cha kulehemia cha mafundi redio kwa dakika moja au mbili. Chuma hutanuka, kikipoa hunywea, na kutu na mafuta makavu huachia. Kabla ya kufungua, skrubu hukazwa kidogo sana kwanza, kisha hugeuzwa kinyume.

Kisahani mara nyingi hubaki palepale hata baada ya skrubu yake kutoka. Kukichokoa ukingoni kwa kisu huacha kovu kwenye mbao na kukunja brasi. Ni afadhali kubandika utepe wenye gundi kali juu yake na kuuvuta. Isipowezekana, waya mwembamba wa chuma uliokunjwa ncha kama ndoana huingizwa katika tundu la katikati, hushika upande wa chini wa kisahani na kukiinua taratibu. Tundu la skrubu lililo kwenye mbao huipa ndoana nafasi ya kugeuka.

Boliti ya kitako na hatari yake

Boliti hii ndiyo iliyopasua mbao nyingi. Kwenye Mk III, ncha yake ya mbele ina pembe nne na huingia katika kibamba kilicho nyuma ya ubao wa mbele. Anayeigeuza boliti hiyo huku ubao wa mbele ukiwa bado umefungwa hukizungusha pia kibamba, na mbao hupasuka kutoka ndani. Kwa hiyo utaratibu ni huu:

1. Hakikisha bunduki haina risasi, kisha toa komeo na magazini.
2. Toa kofia ya mbele, pete na vifuniko vya mtutu.
3. Fungua kinga ya kifyatulio na ushushe ubao wa mbele.
4. Toa bamba la kitako. Baada ya skrubu kutoka, livute moja kwa moja kwa mkono.
5. Toa kizibo cha ngozi au cha felti kilichomo ndani ya tundu.
6. Mwishowe, fungua boliti.

Hatua ya tano husahauliwa sana. Kizibo kikibaki, bisibisi hukisukuma kando ya kichwa cha boliti, nacho hubana kama kabari na kukipasua kitako. Skrubu ya mbao iliyounganishwa kwenye ncha ya fito ya chuma hutosha kukidunga na kukivuta nje.

Kwa boliti yenyewe bisibisi ya kawaida haifiki. Mafundi hutumia fito ndefu ya chuma kigumu iliyopigwa bapa na kunolewa upande mmoja, na kutiwa mpini wa kuvuka upande wa pili.

Bunduki ya No. 4 ni tofauti. Boliti yake haishikani na ubao wa mbele, hivyo kitako kinaweza kutolewa peke yake.

Kutunza vilivyotolewa

Skrubu zinazofanana kwa macho haziingiliani vizuri kila mara. Fundi huchora umbo la bunduki juu ya kadibodi na kuchomeka kila skrubu mahali pake. Brasi hufutwa kwa kitambaa laini tu, kwani dawa za kung'arisha hula alama. Kila kipande hupigwa picha kabla na baada ya kutolewa.

Bunduki nyingine

Baadhi ya Mauser za Uswidi zina kisahani kinachoonyesha hali ya mtutu. Kile cha Mauser Kar98k ya Ujerumani kina kazi nyingine: ni tundu lenye ukingo wa chuma linalotumika wakati wa kutenganisha sindano ya komeo, na hakitolewi bila sababu.

Sheria

Umri wa bunduki hauiondolei hadhi ya silaha. Nchini Tanzania umiliki huongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na nchini Kenya na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Anayekuta bunduki ya zamani nyumbani au shambani anapaswa kuiacha ilivyo na kuwaarifu polisi.