Viwavijeshi wa Kilosa na Elimu ya Nchi Nyingi

Wanachama wenzetu, huenda mkulima wa karafuu akauliza: viwavijeshi wa Kilosa watuhusu nini sisi wa visiwani? Ni kweli mdudu huyu hali jani la mkarafuu. Chakula chake ni mahindi, mpunga, mtama, miwa na nyasi za malisho. Lakini mpunga twaulima na mahindi twayala, na zaidi ya hayo habari hii ina somo litakalotufaa kila mikarafuu yetu itakapoletewa mtaalamu kutoka mbali.

Kilosa ni wilaya ya Mkoa wa Morogoro, na mji wa Mikumi umo ndani yake. Huko kuna uwanda mpana wa nyasi uitwao Mkata, ambao sehemu yake imo katika Hifadhi ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Mvua za kwanza zikinyesha baada ya kiangazi, nondo huja usiku wakichukuliwa na upepo. Hutaga mayai majanini, na baada ya siku chache viwavi huanguliwa. Wakiwa wadogo ni vigumu kuwaona. Mkulima huwagundua wanapokuwa weusi na wengi, wakitembea pamoja kama jeshi, na hapo mahindi machanga yaweza kumalizika kwa muda mfupi sana. Kisha hujifukia udongoni, hugeuka nondo, na upepo huwapeleka mamia ya kilomita, hata Kenya na Ethiopia.

Adui wa namna hii hawezi kupigwa vita na nchi moja, na jambo hilo lilitambuliwa mapema. Mwaka 1969 wataalamu wa kilimo wa Afrika Mashariki waliokuwa Muguga, Kenya, walianza kutoa utabiri wa viwavijeshi. Mwaka 1975 wanakemia wa London walitangaza kwamba wameijua harufu ambayo nondo jike huitoa ili kumwita dume. Harufu hiyo ikatengenezwa na kutiwa katika mitego. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kazi hiyo haikuachwa, bali iliendelezwa na shirika la nchi kadhaa lililokuwa likipambana na nzige wa jangwani. Tanzania nayo ilikuwa na kituo chake Tengeru, karibu na Arusha.

Basi elimu ilikuwapo, na mitego ilikuwapo. Mbona mkulima aliendelea kushtukia viwavi wameshaingia shambani? Sababu ni safari ya habari. Hesabu ya nondo ilitoka wilayani ikaenda Tengeru, utabiri ukarudi wilayani, na kutoka wilayani ukatakiwa ushuke kijijini. Kiwavi hangoji barua. Kadhalika, utabiri ulitaja wilaya nzima, na mwenye shamba dogo hawezi kununua dawa kwa kuambiwa kwamba hatari iko mahali fulani wilayani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa Tengeru, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Greenwich cha Uingereza na wa shirika la CABI lililoko Nairobi, walijaribu njia nyingine, na Kilosa ndiko walikoanzia. Vijiji vichache vilipewa mtego na kipimo cha mvua. Wanakijiji waliochaguliwa na wenzao walifundishwa kuhesabu madume walionaswa, kupima mvua na kuandika. Kanuni ilikuwa nyepesi: nondo wakiwa wengi na mvua ikanyesha ya kutosha, watu waambiwe wakague mashamba yao. Tangazo likatolewa pale pale kijijini, bila kungoja mtu wa mbali. Baadaye mpango huo ulipelekwa wilaya nyingine, na hata Kenya na Ethiopia.

Siku hizo chache za mbele zina thamani kubwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Greenwich na Tanzania wamejaribu kirusi kinachowaua viwavijeshi porini kwa maumbile, kisichomdhuru mtu wala ng'ombe. Lakini kirusi hakiui siku ile ile. Yapasa kipulizwe viwavi wangali wadogo. Asiyepata habari mapema hafaidiki nacho, hata kingetengenezwa na mabingwa wa dunia nzima.

Hapo ndipo penye somo. Harufu ilitoka London, utabiri ulianzia Muguga, lakini kazi ilipata nguvu ilipofika mkononi mwa mwanakijiji mwenye daftari na kalamu. Sisi nasi twawajua wageni wa elimu: katika miaka ya 1940 wataalamu kutoka ng'ambo walikuja Zanzibar kuchunguza ugonjwa wa kufa ghafla kwa mikarafuu. Wengine watakuja. Tuwapokee vizuri na tuwape nafasi mashambani, lakini tuwaulize mapema: Nani kati yetu atafundishwa kupima na kuandika? Matokeo yatatufikia lini, na kwa lugha gani? Mradi ukiisha, nani atabaki na kazi?

Na tusingoje mgeni ndipo tuanze. Kila mwanachama aandike miti yake iliyokufa, mwezi iliyokufa na mahali ilipokuwa. Bwana Shamba akija, au bingwa wa kutoka nje, atakuta hesabu iko tayari, nayo ni ya kwetu.