Sumaku ya kobalti: namna vita ya Kolwezi ilibadilisha bafle za dunia nzima

Ukipeleka bafle ya zamani kwa fundi wa radio, awe wa Tenke, Fungurume ao Kolwezi, ataigeuza, ataangalia mgongo wake, na mara nyingi atakuambia: "Papa, hii usiuze. Hii njo ya kweli. Bya leo biko ingine."

Fundi hasemi uongo. Bafle za zamani na bafle za leo hazina sumaku moja. Na sababu moja kubwa ya mabadiliko hayo haikutokea Japani wala Marekani. Ilitokea hapa kwetu, Kolwezi, mwezi wa 5 mwaka 1978.

Leo tunawaelezea habari hiyo, kwa sababu wale wanaopenda mashini za zamani watafurahi kuijua, na kwa sababu wale wanaoishi na kobalti wanaweza kupata funzo ndani yake.

Ndani ya bafle kuko nini?

Karibu kila bafle, ya radio ndogo ao ya kanisa, inafanya kazi kwa namna moja. Nyuma kuko sumaku, kile kipande kinachovuta misumari. Katikati ya sumaku kuko nafasi nyembamba. Ndani ya nafasi hiyo kuko waya mwembamba, mara nyingi wa shaba, uliozungushwa sawa kamba kwenye kijiti. Waya huo umeshikana na karatasi ya mbele, ile inayotetemeka.

Umeme wa muziki unapopita kwenye waya, waya unakuwa sumaku pia, lakini sumaku inayobadilika kila wakati. Sumaku ya nyuma inausukuma na kuuvuta. Karatasi inatetemeka, hewa inatetemeka, na wewe unasikia sauti. Basi sumaku ikiwa na nguvu, bafle inatoa sauti kubwa kwa umeme kidogo. Zamani hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu radio nyingi zilikuwa na nguvu ndogo.

Alnico: jina lenye kobalti ndani

Mwaka 1931, mtaalamu wa Japani, Tokushichi Mishima, aligundua kwamba ukichanganya chuma na nikeli na alumini unapata sumaku kali kuliko za mbele. Baadaye wengine waliongeza kobalti, na nguvu ikapanda tena. Mchanganyiko huo ukaitwa alnico. Jina linatoka kwenye alama za madini yake: Al ni alumini, Ni ni nikeli, Co ni kobalti.

Katika aina ya alnico iliyotumika sana kwenye bafle, kila kilo moja ina gramu 240 hivi za kobalti na gramu 30 hivi za shaba. Wakati huo Katanga ndiyo ilikuwa inaongoza dunia kwa kobalti, kwanza chini ya Union Minière, halafu chini ya Gécamines. Kobalti ilikuwa inasafishwa Luilu, karibu na Kolwezi, na Shituru, kule Likasi. Kwa hiyo mtu aliyewasha muziki London ao Chicago mwaka 1960 alikuwa, bila kujua, na kipande cha Katanga nyumbani mwake.

Mwezi wa 5, 1978

Hata mbele ya vita, njia zetu zilikuwa zimekwisha kuwa ngumu. Reli inayoachana na njia kubwa hapa Tenke, inayopita Kolwezi na Dilolo mpaka bandari ya Lobito, ilikatika mwaka 1975 kwa sababu ya vita ya Angola. Madini yalilazimika kutafuta njia za mbali zaidi.

Halafu tarehe 13 mwezi wa 5, 1978, wapiganaji waliotoka upande wa Angola waliingia Kolwezi. Tarehe 19, wanajeshi wa Ufaransa walishuka na miavuli. Katika siku hizo watu mamia walikufa, Wakongomani na wageni. Familia nyingi za Kolwezi bado zinakumbuka majina ya watu wao.

Kwa upande wa kazi, mashimo yalisimama na wataalamu wengi wa kigeni walikimbia. Gécamines ilianza tena haraka kuliko watu wengi walivyofikiri. Lakini woga ulikuwa umekwisha kuenea kwa wanunuzi. Kobalti ilikuwa inahitajika pia kwenye moto wa injini za ndege, na hakuna kiwanda kilichotaka kukosa. Kila mmoja alitaka kununua mbele ya mwenzake.

Bei inaonyesha woga huo. Mwanzo wa 1978, kilo ya kobalti ilikuwa dola 15 hivi. Mwanzo wa 1979, bei ya kawaida ya Zaire ilifika dola 55 hivi. Kwa wachuuzi wa soko huru, ilipita dola 80.

Viwanda vinatafuta njia ingine

Wenye viwanda vya bafle walifanya hesabu na kuona haiwezekani. Lakini kulikuwa na sumaku ingine, ferite, ambayo kampuni ya Philips ya Uholanzi ilikuwa imeitoa mwanzo wa miaka ya 1950. Ferite inatengenezwa na kutu ya chuma pamoja na bariamu ao strontiamu. Ndani yake hakuna kobalti, na bei yake ni ndogo. Radio nyingi za bei ndogo zilikuwa zimekwisha kuitumia. Bafle za bei kubwa ndizo zilikuwa bado zinang'ang'ania alnico.

Baada ya Kolwezi, hata hizo zilihama. JBL ya Marekani, iliyojulikana kwa bafle za studio, ilifika mwaka 1980 ikiwa imeingia katika ferite. Haikuwa kazi ya kubadilisha kipande tu. Nguvu ya ferite inakaa kwa namna ingine, basi wahandisi walilazimika kuchora upya mgongo wote wa bafle ili sauti isiharibike.

Wengine walienda upande mwingine. Mwaka 1979 Sony ilitoa Walkman, mashini ya kaseti ya kutembea nayo. Vipokea sauti vyake vidogo vya masikioni vilikuwa na sumaku ya samariamu na kobalti: kali sana, kwa hiyo kipande kidogo kilitosha. Kobalti ilikuwa bei kali, lakini kwa kipande kidogo vile bei haikuua biashara.

Na huko Japani, Masato Sagawa alikuwa anajiuliza: kwa nini sumaku kali lazima iwe na kobalti, na chuma kimejaa kila mahali? Bei ya wakati huo iliwapa watu wengi sababu ya kutafuta jibu. Mwaka 1983, kampuni yake Sumitomo na General Motors ya Marekani, kila moja kwa njia yake, zilitangaza sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni. Ndiyo sumaku yenye nguvu kuliko zote zinazouzwa leo. Iko ndani ya telefone yako, pale sauti inapotoka.

Bei ya kobalti ilianguka tena miaka ya 1980. Lakini bafle hazikurudi kwa alnico, isipokuwa chache zinazotengenezwa kwa wapiga gita na wapenzi wa vitu vya zamani, ambao wako tayari kulipa.

Kobalti ilirudi kwa mlango mwingine

Tusifikiri kwamba kobalti ilitoka kabisa ndani ya mashini. Kaseti nzuri za TDK SA, zilizoanza 1975, zilikuwa na unga wa kutu ya chuma uliopakwa kobalti. Kaseti za video VHS vilevile. Disketi ndogo ya plastiki ngumu, ile ya mega 1.44 iliyoenea kuanzia 1987, ilikuwa na kobalti kidogo ili ishike maandishi mengi zaidi. Na diski ngumu za ordinatere zinaandika mpaka leo juu ya ngozi nyembamba ya kobalti.

Halafu bateri. Mwaka 1980, John Goodenough na wenzake, Oxford, Uingereza, walionyesha namna lithiamu na kobalti zinaweza kushika umeme mwingi. Sony iliuza bateri ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1991. Bateri hizo zilisaidia telefone kuwa ndogo zaidi, na kutoka hapo kobalti ya Tenke na Kolwezi ikaanza kutafutwa tena.

Funzo kwa sisi wa leo

Leo Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia. Mwezi wa 2 mwaka 2025, bei ikiwa imeanguka sana, serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ya nchi. Mwezi wa 10 mwaka huohuo iliweka kota. Bei ilipanda, na wengi walifurahi.

Lakini tukumbuke bafle. Yule yule Goodenough, mwaka 1997, kule Texas, alitoa na wenzake bateri ingine ya chuma na fosfati, isiyo na kobalti hata kidogo. Mwaka 2024, karibu nusu ya bateri za magari ya umeme duniani zilikuwa za aina hiyo.

Hii haina maana kwamba tuuze kwa bei ya bure. Bei ya chini sana inaumiza, zaidi mchimbaji wa mikono anayekula kwa kile alichopata leo. Shirika kubwa linachimba shaba, na kobalti inatoka pamoja nayo, kwa hiyo kobalti ikianguka bado linabaki na shaba. Yeye hana kitu cha pili. Lakini bei inayoruka ghafla, na woga unaokuja pamoja nayo, vinamfundisha mnunuzi kuishi bila sisi. Mwaka 1978 alijifunza. Akiisha kujifunza, harudi kwa urahisi.

Jaribu mwenyewe

Una bafle iliyokufa nyumbani? Angalia mgongo wake. Ukiona pete nyeusi, pana, inayofanana na chungu cha udongo, hiyo ni ferite. Msumari utashika pembeni pote. Ukiona kopo la chuma, refu na jembamba, na msumari haushiki sana kwa nje, inawezekana kuna alnico ndani, kwa sababu kopo linafunga nguvu ya sumaku. Kama sumaku yenyewe inaonekana, weka ncha mbili za mita ya umeme juu yake: alnico inapitisha umeme sawa chuma, ferite haipitishi.

Lakini bateri ya telefone usiifungue hata siku moja, inaweza kuwaka moto mkononi. Na ukikuta kopo la alnico, usilivunje kwa nyundo. Sumaku hiyo inapoteza nguvu ikipigwa, na fundi anaweza bado kuifanya iimbe.