New York: mzee abakie ao atoke?

Wandugu, tarehe 8 Februari 2018 wakubwa wa New York Rangers, ekipi ya hoki ya barafu, waliandikia mashabiki barua: tunajenga upya, hata wachezaji munaowapenda wanaweza kuenda. Mwezi ule ule kapiteni Ryan McDonagh akatumwa Tampa Bay.

Mabishano makali yakabakia juu ya golikipa Henrik Lundqvist. Januari 2020 kijana Igor Shesterkin aliingia, akadaka muzuri. Bamoja basema: mzee ametumika miaka 15, asiguswe. Bengine: kijana atakomaa namna gani akikaa kwenye benchi?

Lakini kontra ya mzee ilikataza kumutuma ekipi ingine bila yeye kukubali. Septemba 2020, ukibakia mwaka moja, ikabidi ekipi ivunje kontra kwa kumulipa thuluthi mbili za mushahara uliobaki.

Januari 2022 namba yake 30 ikapandishwa juu ya uwanja, bantu bakapiga makofi. Vizuri. Lakini siye ba migodi, tunaojua maana ya départ volontaire, tuangalie kwanza mustari ule wa kontra. Makofi hayalishi watoto. Ndugu, soma kontra yako mbele ya kusaini.